Uzi: Lenzi za taa za gari la zamani zimeota kuvu. Weka spiriti pembeni, tafuta maji yanaingilia wapi

#1 Bisibisi Bapa (mtoa mada)

Wakuu salaam,

Gari la zamani likiamshwa baada ya kulala muda mrefu, watu hukimbilia injini, kisha breki, kisha matairi. Taa zinakumbukwa jioni ya kwanza barabarani. Mwenye gari anazunguka nyuma anakuta lenzi nyekundu ina madoa meusi kwa ndani, kingo zimeshika ukijani, na chini kuna tope lililokauka likiwa na mbawa za wadudu. Globu inawaka, tena vizuri, ila mwanga unaishia humo humo ndani.

Uzi huu ni wa hayo madoa. Habari za waya na swichi tuziache, labda zikitugusa njiani.

Niweke msimamo wangu mapema ili wa kubisha ajue anabisha nini. Kuvu yenyewe haiui lenzi. Lenzi nyingi zilizokufa zimeuawa na aliyekuwa anazisafisha. Kuvu haina njaa na plastiki ya lenzi wala kioo. Inakula vumbi, mafuta ya vidole, mabaki ya wadudu na gasketi inayooza, ilimradi kuna unyevu. Ukiitoa kwa ustaarabu, chini yake mara nyingi unakuta lenzi nzima kabisa. Na ukiitoa bila kujua maji yaliingilia wapi, itarudi.

Kwanza ujue lenzi yako ni ya nini. Taa kubwa za mbele kwenye magari ya zamani ni kioo. Marekani kuanzia 1940 walitumia taa za kipande kimoja: kioo, sahani ya kuakisi na waya unaowaka vyote vimefungiwa pamoja. Hiyo ukiona maji au kuvu ndani ujue imeshapasuka mahali, hakuna cha kusafisha, unatoa unaweka nyingine. Taa ambazo globu inachomekwa kwa nyuma ndizo zinazoingia vumbi na unyevu, na hizo unaweza kuzifungua. Plastiki kwenye taa kubwa imekuja baadaye sana. Marekani iliingia na Lincoln Mark VII ya mwaka 1984. Kwa hiyo kama gari lako ni la miaka ya 60 au 70, mbele una kioo, na kioo hakisumbui.

Kazi iko kwenye taa za nyuma, indiketa na taa ndogo za pembeni. Za kale sana ni kioo pia, lakini zilizo nyingi ni akriliki, plastiki ile ile inayotengenezewa mabango yanayowaka. Gonga kwa ukucha: kioo kinalia kwa ukali na ni baridi ukikishika, akriliki inatoa sauti butu. Akriliki ina sifa moja kubwa, haigeuki njano juani kama polikaboneti ya taa za kisasa. Ila ina adui, na adui huyo yuko kwenye kabati la kila gereji.

Lenzi ilipomiminwa kwenye kalibu kiwandani ilipoa ikiwa na mkazo ndani yake, hasa kuzunguka matundu ya skrubu. Ukiipaka spiriti, thina, asetoni, petroli, maji ya breki, au ile dawa ya vioo yenye amonia, plastiki inalegea juu na ule mkazo unajifungua. Unaona nyufa nyembamba sana, nyingi, zinazometameta ukiinamisha lenzi upande wa mwanga. Wakati mwingine zinatokea pale pale, wakati mwingine unalala unaamka unazikuta. Hazitoki kwa msasa kwa sababu zimezama ndani. Ndiyo imetoka hiyo.

Sasa kuifungua. Skrubu za taa zina kutu karibu kila mara. Kabla ya kufungua, kaza kidogo, nywele moja tu, usikie ile kutu inavunjika, ndipo urudi nyuma. Mafuta ya kulainisha kutu yapake upande wa nati kwa nyuma, usiyamwage juu ya lenzi. Ikiwa lenzi imegandana na gasketi, usiingize bisibisi ukaikwangua. Tafuta kipande chembamba cha plastiki, kipitishe pole pole kuzunguka ukingo wote mpaka iachie yenyewe.

Osha nje, penye hewa, ukiwa na barakoa, na lowesha kwanza. Kuvu kavu ukiipiga brashi inapanda hewani na wewe ndiye unayeivuta. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, loweka lenzi hadi uchafu ulainike. Vuguvugu, sio moto: akriliki hulainika karibu na nyuzi 100, na lenzi nyembamba huanza kupinda kabla ya kufika huko. Kisha mswaki laini, ukifuata ile mifereji ya ndani kwa urefu wake, sio kuikata. Madoa meusi huwa yamejificha kwenye kona ya mfereji pale ukuta wa lenzi unapokutana na uso wake. Kaa hapo. Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Doa likikataa sabuni, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Funika doa na pamba iliyolowa, iache ifanye kazi, suuza, rudia. Alama nyeupe za maji ya chumvichumvi zinaondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Jiki, yaani dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, inaua kuvu kweli, ila iwe imechujuliwa sana, muda mfupi, lenzi ikiwa peke yake bila chuma wala ukingo wa kromu. Na kamwe usiitie chombo kimoja na siki au kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Mimi jiki siigusi kwa kazi hii kwa sababu peroksaidi inatosha.

Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea betri, sio asidi!) ili yasiache madoa. Simamisha lenzi kwa ukingo ikauke yenyewe. Karatasi za kufutia zinakwaruza akriliki. Ukitaka kugusa, tumia kitambaa cha maikrofaiba kisafi.

Lenzi ikiwa inakauka, rudi kwenye mwili wa taa uliobaki kwenye gari. Angalia chini kabisa, utaona tundu dogo au mkato kwenye gasketi. Litakuwa limejaa tope na utando wa buibui. Hilo tundu liliwekwa kwa makusudi. Lizibue kwa waya, mwaga maji kidogo ndani uone yanatoka. Yasipotoka, kila ulichofanya hapo juu utakirudia.

Karibuni.

#2 Kijana wa Gereji

Uzi mzuri mkuu, lakini kwenye spiriti umetia chumvi. Naona mafundi wanafuta taa kwa spiriti kila siku ya Mungu na hazipasuki. Hata sanitaiza ya mkono inang'arisha safi.

#3 Bisibisi Bapa

Mkuu, taa gani? Wanazofuta ni za magari ya kisasa, polikaboneti, tena ina ngozi ngumu iliyopakwa juu kiwandani. Hiyo spiriti kidogo inaivumilia. Kioo ndiyo kabisa, hakina habari. Mimi nazungumzia akriliki ya miaka mingi iliyobanwa na skrubu mbili mpaka ikapinda. Wapo wanaofuta na isitokee kitu, sikatai, inategemea mkazo uliobaki ndani. Ila huwezi kuuona huo mkazo kwa macho. Kwenye lenzi ya kuagizwa ambayo hupati nyingine, mimi siwezi kucheza hiyo kamari wakati sabuni ipo.

Na lenzi ikifutwa ikiwa bado imefungwa kwenye gari ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mkazo wa skrubu unaongezeka juu ya ule wa kiwandani. Angalia lenzi zenye nyufa: nyingi zinaanzia tunduni na kutawanyika kama miale.

#4 Nasubiri Wataalamu

Kuna njia ya kuuona. Ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi (ile inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) na skrini ya kompyuta nyeupe, weka lenzi angavu katikati, tazama kwa miwani huku ukiizungusha. Penye mkazo panatokea rangi za upinde wa mvua. Kwa lenzi nyekundu huoni vizuri, lakini kwa zile nyeupe za taa ya rivasi inaonekana.

#5 Bisibisi Bapa

Hii ni kweli. Kwenye polikaboneti rangi zinaonekana wazi sana, kwenye akriliki ni hafifu kidogo. Asante mkuu.

#6 Mama Karabureta

Mtoa mada umesahau kitu kinachouma kuliko lenzi: ile sahani ya kung'aa nyuma ya globu.

Kwenye taa kubwa zinazofunguka, kuvu ikishaingia haikai kwenye kioo peke yake. Unaikuta kwenye sahani ikiwa vidoa vya mviringo kama jasho lililokauka. Mtu anachukua kitambaa na polishi ya kromu, anasugua, mara sahani imekuwa na rangi ya bati. Ule mng'ao ni utando wa aluminiamu uliopulizwa ndani ya chemba isiyo na hewa, mwembamba chini ya sehemu ya elfu ya milimita. Kidole kikavu kinauchuna. Kitambaa laini kinauchuna pia, taratibu kidogo tu.

Mimi nafanya hivi. Natoa globu, napuliza vumbi, namimina maji yaliyotoneshwa yenye tone moja la sabuni, nazungusha, namwaga. Narudia kwa maji matupu. Naiinamisha ikauke uso ukitazama chini. Siigusi. Doa lililobaki baada ya hapo naliacha. Vidoa vichache havipunguzi mwanga kiasi cha kuona, mikwaruzo ya kitambaa inapunguza.

Magari ya kale zaidi sahani zake zilipakwa fedha, sio aluminiamu. Hizo zinageuka nyeusi au njano zenyewe kwa hewa, na watu wanadhani ni kuvu. Fedha unaweza kuipolishi kwa uangalifu, kwa kitambaa laini sana, kutoka katikati kwenda ukingoni bila kuzungusha. Ukizungusha unachora duara, na mwanga utazifuata hizo duara. Kabla ya kugusa, hakikisha unajua uliyonayo ni ipi.

#7 Kijana wa Gereji

Mama Karabureta, sahani ikishakuwa kipara, rangi ya fedha ya kopo si inarudisha?

#8 Mama Karabureta

Kwa taa kubwa, hapana mwanangu. Rangi ya kopo inatawanya mwanga badala ya kuurudisha mbele kwa mpangilio. Utakuwa na taa inayowaka na huoni barabara, huku unampofusha anayekuja. Hiyo inapelekwa kwa wenye mtambo wa kupuliza aluminiamu, au unatafuta sahani nyingine.

Taa za nyuma ni jambo jingine. Nyingi hazina sahani ya maana, mwili wake ni bati lililopakwa rangi nyeupe. Hapo kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu kisha nyeupe inayong'aa, na utashangaa mwanga ulioongezeka. Ila ule ulimi wa shaba na mahali skrubu inapogusa mwili usipapake rangi. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari, inapita hapo.

#9 Bisibisi Bapa

Hilo la ethi nilikuwa nimelikwepa kwenye uzi ila limekuja lenyewe. Unyevu ule ule ulioleta kuvu umeotesha kutu kwenye holda inayoshika globu. Ukiwasha indiketa na taa ya pakingi upande huo nayo inachezacheza, usilaumu waya za mbele. Ethi ya taa hiyo imekufa, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia globu ya jirani. Ng'arisha kwa msasa mwembamba hadi uone shaba.

#10 Nati Kumi na Tatu

Mimi naona mnazunguka. Dawa ni moja: siliconi. Osha, kausha, zungushia siliconi taa nzima, ziba na hayo matundu ya chini. Maji yatapita wapi?

#11 Bisibisi Bapa

Nilijua utakuja mkuu 😄

Yatapita kwa holda, kwa waya, kwa nyuma kwenye kitundu usichokiona. Taa inapumua. Globu ya breki ni wati 21, ukikaa kwenye foleni umekanyaga breki hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, inatoka. Ukizima inapoa, inajivuta, na inavuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake. Kama mvua imenyesha, inavuta na tone lililokaa kwenye mshono. Hii haizuiliki kwa sababu taa hizi hazikutengenezwa kufungwa kabisa. Waliozibuni walijua, ndiyo maana wakaacha tundu chini. Ukiziba, maji yanaingia kidogo kidogo kwa nyuma na hayana pa kutokea. Umeijengea kuvu nyumba yenye joto na maji.

La pili, siliconi gani? Ile inayonuka siki ikiwa mbichi inatoa asidi ya siki inapokauka. Imefungiwa ndani ya taa, asidi hiyo inakula ulimi wa shaba, inakula temino, na ile aluminiamu ya Mama Karabureta nayo inaondoka. Kama ni lazima upake kitu, tafuta siliconi isiyonuka siki, paka upande wa juu na ubavuni tu, chini acha wazi.

La tatu, siku ukitaka kubadili globu inayofikiwa kwa kutoa lenzi, utaitoaje? Hapo ndipo watu wanavunja lenzi.

#12 Nati Kumi na Tatu

Kwenye namba tatu umenipata. Kwenye moja bado nina mashaka, taa za magari ya sasa mbona zimefungwa kabisa?

#13 Nasubiri Wataalamu

Hazijafungwa kabisa mkuu. Geuza taa yoyote ya kisasa uangalie nyuma: kuna kibomba cha mpira kilichopinda au kijikifuniko chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Nayo inapumua, ila imewekewa pua.

#14 Nati Kumi na Tatu

Sawa. Nimenyoosha mikono.

#15 Dada wa Scrambler

Naomba kuuliza wakuu. Pikipiki yangu ya zamani ina kile kipande chekundu chini ya taa ya nyuma kinachorudisha mwanga wa gari la nyuma. Kimekuwa kizito, nusu yake haing'ai kabisa hata nikimulika kwa tochi. Kwa nje ni safi. Nimeloweka kwa sabuni, wapi.

#16 Bisibisi Bapa

Hicho ni kiakisi, na tatizo lako liko mgongoni mwake, sio usoni.

Ukikitazama kwa karibu utaona kimejaa vipembe vidogo vidogo mgongoni, kila kimoja ni kona ya mchemraba. Mwanga unaingia usoni, unagonga kuta tatu za kona, unarudi ulikotoka. Kuta hizo hazijapakwa rangi ya kioo cha kujitazamia wala aluminiamu. Zinarudisha mwanga kwa sababu tu nyuma yake kuna hewa. Maji yakigusa pale, au kuvu ikitandaza utando wake, mwanga unapenya na kupotea. Ndiyo maana nusu inang'aa na nusu imekufa: nusu iliyokufa imelowa kwa nyuma.

Vingi vimefungwa kwa bamba la plastiki lililoyeyushiwa mgongoni. Kama limepata ufa maji yameingia. Kikaushe mahali penye joto la kawaida na hewa, kikisimama ule ufa ukiwa chini. Usikipeleke kwenye jiko wala usikipulizie hewa ya moto. Kikirudi kung'aa, ziba ufa kwa siliconi isiyonuka siki. Nati Kumi na Tatu, hapa unaruhusiwa, kiakisi hakina globu kwa hiyo hakipumui kama taa. Kama kuvu imeshaota humo ndani na bamba halitoki, badilisha. Sindano ya maji ya sabuni kupitia ufa inaweza kusaidia, ila kukausha tena vile vipembe ni shughuli.

#17 Dada wa Scrambler

Nimekimulika tena kwa pembeni, kweli kuna maji, naona mstari wake ukitembea nikikigeuza. Asante sana kaka.

#18 Msasa Elfu Mbili

Kwa nje je? Lenzi ikishasafishwa ndani, mikwaruzo ya nje ndiyo inaanza kuonekana. Msasa wa maji unakubalika kwa akriliki?

#19 Bisibisi Bapa

Unakubalika, na jina lako linasema unajua. Nje tu. Ndani usiguse hata siku moja, kwa sababu ile mifereji na vijipembe ndivyo vinavyosambaza mwanga, ukivilainisha umebadilisha taa.

Anza na namba laini kadiri mikwaruzo inavyoruhusu. Wengi wanaanza 800 bila sababu, halafu wanatumia jioni nzima kuondoa mikwaruzo ya msasa wao wenyewe. 1500, kisha 2000, kisha 3000, maji mengi, kila namba ukibadili mwelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Malizia na kompaundi ya plastiki kwa mkono. Mashine ya kupolishi ikikaa sehemu moja inapasha akriliki joto, inayeyuka uso na kufanya mawimbi. Dawa ya meno inafanya kazi kwa ukungu mwepesi, ni kompaundi dhaifu tu, haina maajabu.

Angalia alama zilizochongwa usoni. Herufi E ndani ya duara na namba pembeni ni kibali: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Za Marekani zina SAE au DOT. Usizifute kwa msasa. Mkaguzi anaziangalia, na anayenunua gari la zamani anaziangalia zaidi ya mkaguzi.

#20 Msasa Elfu Mbili

Na indiketa iliyopauka? Yangu ilikuwa ya chungwa, sasa karibu nyeupe.

#21 Mama Karabureta

Jua limekula rangi iliyokuwa ndani ya plastiki, hairudi. Rangi za kupulizia zinapunguza mwanga na zinababuka. Watu wanakimbilia globu ya chungwa ya PY21W, lakini angalia masikio yake, vile vipini viwili vya pembeni ya kitako: hayatazamani sawasawa, kwa hiyo haiingii kwenye holda ya zamani ya globu ya kawaida. Wamefanya hivyo makusudi. Tafuta globu ya chungwa yenye masikio yanayotazamana, au lenzi nyingine. Na kabla ya kununua globu yoyote hakikisha volti. Magari mengi ya kale ni volti 6. Volkswagen Beetle za Marekani zilihamia 12 kwenye modeli ya 1967, na globu ya 6 ukiiweka kwenye 12 utaiona mara moja tu.

#22 Kijana wa Gereji

Si tuhamie LED tu, haipashi joto lenzi, haili betri?

#23 Bisibisi Bapa

Ni sawa, na kuna mambo ya kujua. Nyuma ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu. Nyeupe ina wekundu mchache ndani yake, lenzi inachuja karibu yote na unabaki na mwanga hafifu wa waridi. Flasha ya zamani, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, inategemea umeme unaovutwa na globu, ukiweka LED indiketa itakimbia au itagoma, kwa hiyo badilisha flasha. Na kwa habari ya uzi huu: ile globu ya wati 21 ilikuwa inakausha taa kila ukikanyaga breki. LED haikaushi. Ukihamia LED, lile tundu la chini ndilo linabaki kuwa tegemeo lako.

Upande wa pili, usiongeze wati ukitafuta mwanga. Nimeletewa lenzi ina malengelenge katikati, juu kabisa ya globu, kwa sababu mwenye gari aliweka globu kubwa kuliko iliyoandikwa.

#24 Dada wa Scrambler

Swali la mwisho kutoka kwangu. Lenzi yangu ina ufa mmoja tunduni. Supaglu?

#25 Msasa Elfu Mbili

Supaglu inatoa mvuke unaoacha weupe kuzunguka ufa, na kwenye lenzi ya rangi weupe huo unaonekana kutoka mbali. Tafuta gundi ya akriliki, ile inayoyeyusha kingo mbili zikashikana. Inapitishwa kwa sindano, inajivuta yenyewe ndani ya ufa. Ndiyo, ni kimiminika cha aina ile ile ambacho mtoa mada amekikataza, kwa hiyo tone moja pale penye ufa, na lenzi iwe imefunguliwa, haijabanwa na kitu. Kabla ya hapo toboa kitundu kidogo sana mwisho wa ufa ili usiendelee.

#26 Nati Kumi na Tatu

Na wakati wa kurudisha, gasketi ya zamani inatumika tena au natupa?

#27 Bisibisi Bapa

Ile ya kijani iliyooza tupa, ndiyo iliyokuwa inailisha kuvu. Ikiwa ya mpira mzima, ichemshe kwenye maji ya sabuni, ikauke, paka grisi ya siliconi kidogo, rudisha. Ikiwa ya koki (ile ya vizibo vya chupa) iliyokauka ikakatika, kata mpya kwenye shiti ya sponji ya mpira yenye vyumba vilivyofungwa. Ibonyeze ndani ya maji uone: ikinyonya maji sio yenyewe. Fuata umbo la ya zamani pamoja na ule mkato wa chini. Watu wanakata duara zima halafu wanarudi hapa kuuliza mbona maji yametuama.

Skrubu weka za chuma kisichoshika kutu, tone la grisi kwenye uzi wake. Kaza moja kidogo, nenda ya pili kidogo, rudi ya kwanza. Shika bisibisi kwa vidole viwili, sio kiganja. Gasketi ikianza kuvimba pembeni, acha hapo.

#28 Nati Kumi na Tatu

Nimeangalia yangu, mkato ulikuwepo, nikauziba na siliconi. Naenda kuukwangua.

#29 Mama Karabureta

Tumia kijiti cha mti, sio kisu. Lenzi iko pale pale pembeni.